Igizo la Krismasi Halihitaji Mwenye Gesti

Kama umekabidhiwa kuandaa igizo la Krismasi la kikundi chenu cha ibada hapa Doha, anza kwa kumwondoa mwenye gesti. Unamjua: kijana anasimama mlangoni, kofia kichwani, kifua mbele, anawafokea Yusufu na Mariamu kwamba vyumba vimejaa. Watu wanacheka, maana wengi wetu tunashinda kwenye milango ya majengo ya watu tukilinda, na sehemu hiyo hatuhitaji kufundishwa. Lakini Luka hakumwandika. Hayumo katika Kigiriki, na ukisoma polepole hayumo hata katika Kiswahili. Tumemtunga wenyewe kutokana na maneno "nyumba ya wageni", ambayo kwa mtu aliyewahi kushushwa na basi usiku Makambako yana maana moja tu: kibao cha barabarani, daftari la mapokezi na mtu wa funguo.

Sisemi haya kumharibia mtu sikukuu. Wengi wakisikia "Kiebrania" na "Kigiriki" hudhani ni hazina ya siri, kwamba mhubiri akiifungua atatoa maana ambayo sisi wa Biblia ya Kiswahili tulinyimwa. Mimi naona kinyume. Katika habari za kuzaliwa kwa Yesu, lugha hizo mbili zinapunguza kuliko zinavyoongeza. Zinakuonyesha kilichoandikwa, na zinakuonyesha kilicholetwa baadaye na michoro, nyimbo na maigizo. Nakushauri uzitumie kwa kazi hiyo.

Chukua Luka 2:7. Neno lililo nyuma ya "nyumba ya wageni" ni *kataluma*. Usikimbilie kamusi. Uliza kwanza: mwandishi yuleyule amelitumia wapi kwingine? Luka analirudia katika 22:11, pale wanafunzi wanapotumwa wamuulize mwenye nyumba chumba cha kulia Pasaka kiko wapi, na Marko analo vilevile katika 14:14. Hapo ni chumba ndani ya nyumba ya mtu. Luka alipotaka kusema gesti yenyewe, ya kulipia, yenye mwenyewe anayepokea dinari mbili na kuahidiwa nyingine, katika habari za Msamaria mwema (10:34-35), alikuwa na neno jingine: *pandokheion*. Biblia ya Union ya mwaka 1952 imeyafanya yote mawili "nyumba ya wageni", na tofauti aliyoiweka Luka ikafunikwa.

Kenneth Bailey, Mmarekani aliyefundisha Agano Jipya kwa miaka mingi Misri, Lebanoni na Yerusalemu, ni mmoja wa walioieneza sana hoja hii. Alieleza kwamba nyumba ya kijijini Palestina ilikuwa na chumba kimoja kikubwa cha familia, sehemu ya chini karibu na mlango wakilala wanyama usiku, na hori zikiwa ukingoni mwa sakafu ya watu. Chumba cha wageni kikishajaa jamaa, anayefika baadaye analala na familia, na mtoto anawekwa horini, humohumo ndani. Mchagga hashangai kusikia hivyo. Katika nyumba za kale za Kilimanjaro ng'ombe na watu walilala chini ya paa moja. Nawe unayefanya kazi katika nyumba ya Mwarabu hapa Doha, angalia majlis ilivyo: ina mlango wake, imetengwa na vyumba vya familia, na ikijaa mgeni haambiwi arudi alikotoka.

Hata hivyo usipande mimbarini ukatangaza kwamba jambo limethibitishwa. *Kataluma* ni neno pana. Katika Septuaginta, yaani Agano la Kale la Kigiriki lililotafsiriwa na Wayahudi kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, neno hilo limetumika katika Kutoka 4:24 kwa mahali Musa alipolala njiani kuelekea Misri. Kinachoweza kusemwa bila wasiwasi ni kwamba mahali walipofikia hapakuwa na nafasi. Ndivyo ilivyo hata katika Peshitta, Biblia ya kale ya Kisiria: nafasi haikuwapo pale walipokuwa wamefikia.

Na kwa kuwa nimetaja Kisiria, nichepuke kidogo. Katika karne ya 7 upande huu wa Ghuba, pamoja na rasi ya Qatar, Wakristo wa Kisiria waliuita Beth Qatraye. Palikuwa na maaskofu, watawa na wafafanuzi wa Maandiko. Isaka wa Ninawi, ambaye maandishi yake juu ya sala yanasomwa mpaka leo, alizaliwa huku. Kanisa Katoliki la Mama Yetu wa Rozari, lililofunguliwa Machi 2008 katika eneo la makanisa kule Mesaimeer, ni la kwanza kujengwa Qatar katika zama hizi, lakini watu waliinama juu ya Maandiko katika pwani hii zamani sana kabla yetu.

Turudi kwenye igizo. Badala ya mlango unaofungwa, weka nyumba iliyojaa. Jamaa za Yusufu wamekuja kuandikishwa, shangazi anapika, wazee wamekalia mikeka yote, mtu anasogeza vyombo apate pa kumlaza mzazi. Yule kijana wa mlangoni mpe sehemu ya mjomba, ataiweza.

Wanyama nao wana habari yao. Luka anataja hori, hataji mnyama hata mmoja. Ng'ombe na punda tunaowaona katika kila pango la Noeli wametoka kwa manabii. Isaya 1:3 anasema ng'ombe na punda wanamtambua mwenye kuwalisha ilhali watu wa Mungu hawamtambui, na Septuaginta pale inatumia *phatne*, neno lilelile la hori alilotumia Luka. Wasomaji wa kale wa Kigiriki hawakuweza kukosa kuliona. Kisha kuna Habakuki 3:2. Kiebrania kinamsihi Mungu aihuishe kazi yake katikati ya miaka. Septuaginta inasema atajulikana katikati ya wanyama wawili. Si uzushi wa makusudi. Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti bila irabu, na "miaka" na "mbili" huandikwa kwa herufi zilezile. Kitabu cha Kilatini kisichomo katika Biblia, kinachoitwa Injili ya Mathayo wa Bandia, kikawaweka ng'ombe na punda kando ya hori na kuwataja manabii hao wote wawili. Fransisko wa Asizi alipoandaa pango lake kule Greccio mwaka 1223, wanyama hao walikuwa wameshazoeleka. Usiwafukuze. Ila mtoto akikuuliza wameandikwa wapi, mpeleke kwa Isaya, usimdanganye kwamba ni Luka.

Mamajusi napita haraka. Mathayo hasemi walikuwa watatu wala hasemi walikuwa wafalme. Zawadi ndizo tatu. Neno lake, *magoi*, ni ndugu wa "majusi" ya Kiarabu na ya kwetu, na katika Matendo 13:6 umoja wake unatumika kwa Bar-Yesu, ambaye Union inamwita mchawi. Tafsiri ya Habari Njema imeweka "wataalamu wa nyota". Wakae kimya jukwaani, wasivae mataji, inatosha.

Sasa jambo linalogombanisha watu. Desemba haipiti bila mtu kuleta klipu ya WhatsApp inayodai kwamba Mathayo alikosea, kwamba Isaya 7:14 haikusema bikira. Ukipokea klipu hiyo, usimtukane aliyekutumia na usitetemeke. Kiebrania kina *almah*, maana yake msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Neno linalozoeleka zaidi kwa bikira ni *betulah*. Septuaginta, iliyotafsiriwa na Wayahudi kabla Yesu hajazaliwa, iliweka *parthenos*, na Mathayo 1:23 akalichukua hilo. Wafasiri wa Kiyahudi waliokuja baadaye, akina Akila, walipendelea neno la "mwanamke kijana". Mabishano yalianza mapema. Yustino Shahidi aliyaandika katika karne ya 2, katika mazungumzo yake na Trifo.

Jaribu tena kanuni ileile ya kutazama matumizi. Rebeka anaitwa *betulah* katika Mwanzo 24:16, kisha *almah* katika 24:43, msichana mmoja, sura moja, na Septuaginta inatumia *parthenos* kote kuwili. Miriamu dada yake Musa anaitwa *almah* katika Kutoka 2:8. Kwa hiyo anayesema *almah* haiwezi kuwa bikira amepotoka. Na wewe ukisema *parthenos* haina maana nyingine, umepotoka pia, kwa sababu katika Mwanzo 34:3 Septuaginta inamwita Dina hivyo baada ya kunajisiwa. Maneno peke yake hayafungi mjadala. Muhimu zaidi, Mathayo hakuokota bikira kutoka kwa Isaya. Habari ya mimba ameshaieleza katika 1:18-20 kabla ya kumtaja nabii, na Luka anaieleza bila kumnukuu Isaya 7:14 hata kidogo. Nabii naye alikuwa akizungumza na mfalme Ahazi katika vita vya miaka ya 730 hivi kabla ya Kristo, na mtoto aliyetajwa alikuwa ishara ya siku zile. Mathayo anasema maneno yale yamefika utimilifu. Mfundishe mtu kusoma vyote viwili, cha Ahazi na cha Mathayo.

Kuna pia "hata" ya Mathayo 1:25, inayowakutanisha Wakatoliki na Walokole kila mwaka kwenye basi la kurudi kutoka Mesaimeer. Yusufu hakumjua Mariamu hata alipozaa, je, baadaye? Kigiriki *heos* hakiamui. 2 Samweli 6:23 inasema Mikali hakupata mtoto hata siku ya kufa kwake, na hakuna anayedhani alizaa kaburini. Wala haithibitishi upande wa pili. Mambo hayo kila kanisa limeyaamua kwa hoja nyingine. Acheni, mnywe chai.

Ninapotaka ukae zaidi ni Luka 1:48, kwa sababu ya wanaokaa mbele yako siku ya Ijumaa. Mariamu anajiita mjakazi, kwa Kigiriki *doule*, mtumwa wa kike. Maneno hayo hayakutoka hewani. Hana, katika 1 Samweli 1:11, anamwomba Mungu autazame unyonge wa mjakazi wake, na Septuaginta pale ina maneno yaleyale ambayo Luka anayaweka kinywani mwa Mariamu: *tapeinosis* ya *doule*. Union imefanya vizuri kuandika "unyonge". Shida inakuja mhubiri anapoligeuza kuwa unyenyekevu, akawaambia kina dada wanaofanya kazi majumbani, hawa tunaowaita mashagala au makadama, kwamba Mariamu alibarikiwa kwa sababu alikuwa mnyenyekevu, basi nao wavumilie.

Sivyo. *Tapeinosis* hapa haisemi tabia nzuri ya mtu, inasema hali aliyowekwa. Tafuta kwingine ilipo. Katika Mwanzo 16:11 ya Kigiriki ni ya Hajiri, mjakazi aliyekimbia mateso ya bibi yake, na malaika anamwambia Bwana ameisikia. Katika Mwanzo 29:32 ni ya Lea, mke asiyependwa. Ni hali ambayo Mungu anaiona ili aiondoe, na aya nne mbele, katika 1:52, Mariamu anasema hivyo waziwazi: wenye enzi wanashushwa, wanyonge wanakwezwa. Kwa hiyo ukihubiri sura hiyo hapa Doha, ongeza la kidunia: sheria ya Qatar ya mwaka 2017 juu ya wafanyakazi wa majumbani inawapa angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Dada anayenyimwa Ijumaa yake na siku nyingine yoyote hapaswi kuambiwa amwige Mariamu.

Kuna mahali pamoja ambapo Kiswahili chetu kinatupa heri kuliko lugha nyingi. Wimbo wa malaika katika Luka 2:14 una herufi moja yenye utata. Nakala za kale, zikiwamo Sinaitiko na Vatikano za karne ya 4, hapo mwanzo ziliandikwa *eudokias*, ikiwa na sigma mwishoni: amani kwa watu wa ridhaa yake. Nakala nyingi za baadaye zina *eudokia*, bila sigma: amani duniani, na nia njema kwa watu. Katika misa tunaimba "watu wenye mapenzi mema", kwa kufuata Kilatini, na wengi huelewa kwamba amani ni ya watu wenye moyo mzuri. Hati za Kiebrania zilizopatikana Kumrani kuanzia mwaka 1947 zilisaidia, maana zina usemi unaofanana, "wana wa ridhaa yake", na ridhaa ni ya Mungu, si ya watu.

Neno la Kiebrania pale ni *ratson*. Shina lake ni ndugu wa Kiarabu *radhiya*, ambalo limetupatia "ridhi" na "radhi". Union iliandika "aliowaridhia". Mchungaji Mprotestanti wa Kijerumani Karl Roehl, aliyetoa Biblia nzima mwaka 1937, alijitahidi kuyapunguza maneno ya Kiarabu katika Kiswahili cha Biblia ili yabaki ya Kibantu. Nia yake naielewa, lakini hapa naona wa Union walipata zaidi: yeyote aliyewahi kuomba radhi ya mzazi kabla ya safari ya Uarabuni anajua *ratson* ni nini bila kufundishwa.

Lakini ukaribu huo una mtego, na hapa Doha, ambapo Kiarabu kimeandikwa kila ukuta, ni rahisi kunaswa. Bethlehemu kwa Kiebrania ni nyumba ya mkate. Kwa Kiarabu *lahm* ni nyama, kama unavyoisoma kwenye duka la nyama. Shina moja, vyakula viwili. Nimesikia mahubiri yaliyojengwa yote juu ya mkate wa Bethlehemu, na ningetaka kujua mhubiri angefanyaje kama angejifunza Kiarabu kwanza. Asili ya neno si maana yake. Mathayo mwenyewe anapotaka tuangalie jina hutuambia: katika 1:21 mtoto aitwe Yesu kwa maana ataokoa, hoja inayosikika kwa Kiebrania tu, ambako *Yeshua* na kuokoa ni shina moja. Asipotuambia, tusijitafutie.

Na mwenzako Mwislamu kazini akileta habari za Maryam na Isa, sikiliza. Kurani nayo inasema Maryam alizaa akiwa bikira, na Sura ya 19 inaweka uchungu wake chini ya mtende. Zungumzeni kama watu, jibu unachoulizwa, ukome hapo; sheria ya nchi hii hairuhusu kuwahubiria Waislamu dini nyingine, na hupaswi kumweka mtu mwingine hatarini kwa sababu ya bidii yako.

Vifaa si tatizo tena. STEP Bible, iliyoandaliwa na Tyndale House ya Cambridge, ni ya bure na inafunguka kwenye simu: unagusa neno, inakuletea kila mahali neno hilo la Kiebrania au Kigiriki lilipo. Nusu ya kazi nimeshakuonyesha, ni kuzisoma zile aya nyingine kabla ya kusoma maelezo. Fungua Union na Habari Njema kando kwa kando. Zinapoachana, hapo ndipo pa kuchimba. Usifundishe jambo ulilolikuta mahali pamoja tu. Na mkiwa Mesaimeer, waulizeni majirani: kuna Wakopti, Waorthodoksi wa Kigiriki, Waethiopia na Wahindi wa mapokeo ya Kisiria ndani ya ukuta mmoja na sisi. Mtu anayelisikia neno kanisani kwake tangu utotoni atakupa kitu ambacho simu haina.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, jifunze herufi. Za Kigiriki ni 24, za Kiebrania 22, na mwenye kupanda basi la kampuni asubuhi na jioni anao muda. Anza na Mathayo sura ya 1, ile orodha ya majina tunayoiruka kila mwaka: Abraam, Isaak, Iakob. Majina unayajua tayari, kwa hiyo utajisahihisha mwenyewe bila mwalimu. Luka mwache kwanza. Sentensi yake ya kufungulia inachukua aya nne nzima, na imewakatisha tamaa wengi walioanza nayo.